Nani Alibeba Mawe?

Sentensi inayoniudhi kuliko zote kwa intaneti ina maneno manne tu: "Watu wa zamani hawangeweza."

Unaijua hiyo video. Inaanza na muziki wa kutisha, droni inapita juu ya mawe makubwa, halafu sauti nzito inauliza: bila lori, bila kreni, bila chuma, wangewezaje? Kabla hujafikiria, unaletewa jibu. Ni viumbe kutoka sayari nyingine. Ama ni majitu. Ama ni taifa fulani lenye akili nyingi lililopotea bila kuacha hata anwani. Ukishuka kwa komenti, watu wanaitikia amina kama wako kanisani.

Mimi niliacha chuo, sina digrii ya kukuonyesha. Lakini kusoma sikuacha, na hili swali lina jibu. Sehemu kubwa ya jibu iko hapa Kenya, na sehemu nyingine iko hapa hapa kwetu kwa majani chai. Kwa hivyo badala ya "wangewezaje?", wacha tuulize swali ambalo kila mtu wa Kericho na Bomet analielewa: nani alibeba?

Nguzo za Turkana

Tuanze mbali kidogo. Upande wa magharibi wa Ziwa Turkana kuna mahali panaitwa Lothagam. Hapo, miaka kama 5,000 iliyopita, wafugaji walianza kujenga makaburi ambayo wataalamu wanayaita Lothagam Kaskazini. Weka hiyo tarehe kichwani. Piramidi kubwa ya Giza ina miaka kama 4,500. Yale mawe makubwa ya Stonehenge, Uingereza, yalisimamishwa karibu wakati huo huo wa piramidi. Yaani wafugaji wa Turkana wakianza kazi, hiyo piramidi hata kuchorwa haikuwa imechorwa.

Walifanya nini? Walitengeneza jukwaa la mawe la duara, upana wake kama mita 30. Katikati wakachimba shimo kubwa, wakapita mchanga wa ufuo wa zamani hadi wakagonga mwamba. Ndani ya hilo shimo wakazika watu wao, mmoja baada ya mwingine, kwa mamia ya miaka. Watafiti wanakadiria angalau watu 580. Shimo lilipojaa wakalifunika kwa mawe, halafu juu wakasimamisha nguzo, zingine zikitolewa umbali wa hadi kilomita moja. Kando yake wakaongeza miduara na marundo mengine ya mawe. Na sio hapo tu. Kuzunguka ziwa kuna angalau sehemu sita za nguzo kama hizo, magharibi na mashariki.

Utafiti huo ulitoka mwaka 2018, ukiongozwa na Elisabeth Hildebrand pamoja na Katherine Grillo na Elizabeth Sawchuk. Kwa orodha ya waandishi kuna Wakenya wa Makavazi ya Kitaifa, kama Purity Kiura na Emmanuel Ndiema. Nawataja kwa sababu wale jamaa wa viumbe wa sayari hawatajagi mtu yeyote aliyeshika sururu.

Sehemu nyingine ya nguzo hizo iko karibu na Kalokol, na watu wengi wanaijua kwa jina Namoratunga, yaani watu wa mawe. Kuna hadithi ya Waturuki... hapana, ya Waturkana wenyewe, maana hata simu yangu haiamini hili jina lipo. Inasema zile nguzo zilikuwa watu wakicheza ngoma, wakamcheka pepo, wakageuzwa mawe. Mimi hiyo hadithi naipenda. Angalau inaanza na watu.

Hesabu ya kubeba

Sasa twende kwa kazi yenyewe. Kitu cha kwanza ambacho hizo video hazikwambii ni kwamba nguzo kama za Kalokol hazikuhitaji fundi wa kuchonga. Ni basalti. Lava ikipoa polepole inapasuka yenyewe, inakuwa vipande virefu vyenye pande bapa, kama penseli zilizopangwa kwa kopo. Volkano ilishamaliza kukata. Kazi ya binadamu ni kuchagua, kung'oa na kuhamisha.

Kuhamisha nako ni hesabu. Mwaka 2016 watu wa chuo cha UCL, London, walichukua jiwe la tani moja, wakalifunga juu ya fremu ya mbao ya kuburuta, wakatandika magogo chini, wakavuta kwa kamba. Watu 10 walitosha, na walienda zaidi ya kilomita moja na nusu kwa saa. Hao walikuwa wanafunzi, sio watu wa mjengo. Kwa hivyo jiwe la tani moja kwa umbali wa kilomita moja, ardhi ikiwa tambarare, ni chini ya saa moja ya kuvuta. Ongeza kupumzika, kunywa maji na kubishana nani anajifanya anavuta, bado ni kazi ya asubuhi moja.

Jiwe likiwa kubwa zaidi? Kule Rapa Nui, kisiwa ambacho wengi wanakijua kama Easter, kuna zile sanamu kubwa za vichwa. Watu wa huko wamesema miaka yote kwamba sanamu zilitembea, na wageni wakacheka. Halafu Terry Hunt na Carl Lipo wakatengeneza nakala ya tani 4 na kitu, wakaisimamisha, wakafunga kamba tatu. Watu 18 wakawa wanaivuta kushoto, kulia, kushoto, kulia. Sanamu ikatembea. Ni ile mbinu unatumia ukihamisha mtungi wa gesi uliojaa: huubebi, unaulaza kidogo kwa ukingo na kuuzungusha. Mamako anaijua hiyo fizikia.

Kusimamisha je? Mashimo ya mawe ya Stonehenge yanaonyesha vizuri. Upande mmoja wa shimo umetelemka, upande wa pili umesimama wima. Unaburuta jiwe hadi mguu wake uning'inie juu ya mteremko, unainua kichwa kwa magogo kidogo kidogo, wengine wanavuta kamba kutoka upande wa pili. Likiteleza ndani, unashindilia mawe madogo kuzunguka mguu. Umewahi kusimamisha nguzo ya geti? Ni hiyo kazi, ila watu wengi zaidi na makelele zaidi.

Nani alipika?

Kwa hivyo mwili wa binadamu unatosha. Sehemu ngumu iko kwingine. Watu hamsini wakivuta jiwe leo, hao hamsini hawachungi mbuzi leo. Watoto wao wanakula nini? Kamba ya ngozi ni ya ng'ombe wa nani? Maji ya kunywa yanatoka wapi kwa lile jua la Turkana? Nani anasema "moja, mbili, vuta", na kwa nini wengine wamsikilize?

Hapa ndipo mtu wa bonde letu ana faida kuliko mtu wa droni. Sisi tumekulia ndani ya hayo majibu. Kokwet ni nini kama sio watu wa kijiji kukaa chini ya mti na kukubaliana kazi itafanywa lini na nani ataleta nini? Nyumba ya mtu ilijengwa na majirani, mwenye nyumba akapika. Harambee haikutoka angani.

Na kuna watu ambao hawajawahi kuacha kusimamisha mawe. Kusini mwa Ethiopia, kwa Wakonso, nguzo za mawe zinasimamishwa kuonyesha kizazi kimoja kimekabidhi kingine majukumu. Jiwe linachimbwa, linabebwa na kusimamishwa kwa sherehe, na idadi ya nguzo kwa uwanja wa kijiji inakusaidia kuhesabu umri wa hicho kijiji. UNESCO waliiweka nchi ya Konso kwa orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Sasa wewe mtu wa Kipsigis, sikiliza hilo vizuri. Rika zetu, Maina, Chumo, Sawe, Kaplelach na zingine, ni mfumo wa aina hiyo hiyo: kizazi kinapokea kazi, kizazi kinatoa kazi. Wakonso wanaandika hayo makabidhiano kwa jiwe. Sisi tunayabeba kwa majina.

Bosi alikuwa wapi?

Tulifundishwa kwamba ukiona jengo kubwa, tafuta mfalme. Mkubwa anaamuru, watumwa wanavuta, kiboko kinalia. Hata Misri yenyewe hiyo picha haikai sawa. Mwaka 2013 kule Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, zilipatikana karatasi za mafunjo zilizoandikwa wakati wa farao Khufu. Mojawapo ni daftari la kazi la jamaa anaitwa Merer, kiongozi wa kikosi kilichosafirisha mawe kwa mashua hadi Giza. Leo tumepakia, leo tumesafiri, leo tumelala hapa. Ni kama rekodi ya dereva wa lori la majani. Na Giza kwenyewe pamechimbwa kijiji cha wafanyakazi, na oveni zao za mikate, na makaburi yao karibu na piramidi. Mtumwa wa kutupwa hazikwi karibu na mfalme.

Lakini Lothagam inaenda mbali kuliko Misri. Pale hakuna kaburi la mkubwa. Wanaume, wanawake, wazee, watoto wadogo, wote wako ndani ya shimo moja. Na karibu kila mmoja ana mapambo yake: shanga za ganda la yai la mbuni, shanga za mawe ya rangi, pete za pembe ya kiboko. Kuna mtu alizikwa na kitu cha kichwani kilichopambwa kwa mamia ya meno ya panya wa jangwani. Hebu fikiria uvumilivu wa huyo fundi. Hakuna kona ya matajiri, hakuna kona ya maskini. Watafiti wanasema wazi kwamba hiyo ndiyo iliyowashtua: jengo kubwa hivyo bila dalili ya tabaka.

Kwa nini walijisumbua? Angalia wakati wenyewe. Mvua ilikuwa inapungua na ziwa limekauka karibu nusu. Uvuvi uliozoeleka umeharibika, mifugo ndiyo njia mpya, na ukifuga kwa ukame unahama hama na kugongana na watu usiowajua. Mahali ambapo hapahami, ambapo watu wote wanazika na kukutana, panakuwa na faida. Ukikutana na mtu pale, wafu wenu wako shimo moja, ni vigumu kumnyima maji. Sisi tunaoona mvua ya Kericho ikianza kukosea tarehe tunaweza kuelewa hiyo akili.

Ukuta ulio karibu

Sasa turudi upande wetu. Ukitoka Sotik, ukapita Kisii na kushuka kaunti ya Migori, utafika Thimlich Ohinga. Hii sio ya miaka 5,000. Ina zaidi ya miaka 500 tu, lakini imesimama. Kuta zake zina urefu wa mita 1.5 hadi 4.5, na hakuna saruji wala udongo wa kushikisha. Hata mawe yenyewe hayakuchongwa. Waliokota yalivyo, wakajenga uso wa nje na uso wa ndani, katikati wakashindilia mawe madogo. Kila jiwe linashikwa na jirani yake. Milango wameifanya mifupi makusudi: adui akiingia lazima ainame, na mtu aliyeinama kichwa ni rahisi kumpokea.

Ndani ya eneo hilo kuna maboma manne makubwa, Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch, na maboma mengine ya mawe yametapakaa sehemu hiyo ya Nyanza kwa mamia. Jamii tofauti ziliishi humo kwa zamu, na kila iliyokuja ilikarabati kuta za iliyotangulia. UNESCO iliitambua mwaka 2018. Vijana wangapi wa Bomet wamefika? Dubai tunapajua kwa picha kuliko hapo.

Na haya mashimo yetu

Sasa twende kwa kile kinaniuma. Kote kwa nyanda hizi za juu, kutoka Uasin Gishu hadi Nakuru hadi huku kwetu, kuna mashimo ya duara kwa miteremko, upana wa mita 10 hadi 20. Mengine, hasa kule Uasin Gishu, yamezungushiwa ukuta wa mawe. Tunayaita mashimo ya Sirikwa. Pengine kuna moja kwa shamba lenu na mnalima kando yake.

Mwaka 1933 G. W. B. Huntingford, Mwingereza aliyeishi Nandi, aliandika kwamba kazi za mawe za Kenya ni mabaki ya ustaarabu mmoja uliopotea, akaupa jina Azania. Unaona mchezo? Watu walikuwa mbele yake, wenyeji wa pale pale, lakini waliojenga lazima wawe wengine walioenda zao. Wengine wakasema mashimo yalikuwa nyumba za watu kuishi chini ya ardhi.

Miaka ya 1960 J. E. G. Sutton akazunguka nyanda zote hizi akichimba, mpaka Chemagel karibu na Sotik. Akaonyesha kwamba shimo lilikuwa boma la ng'ombe. Wenye mifugo walichimba mteremko, wakaacha mlango mmoja upande wa chini, wakajenga nyumba pembeni ambayo unaingia ukipitia bomani. Kila wakifagia samadi na matope nje, shimo linazidi kwenda chini na rundo linapanda mlangoni. Mwizi wa ng'ombe akija usiku, anaingia kwa mlango mmoja mbele ya wenye nyumba. Hiyo ni teknolojia ya ulinzi, na ilitumika kutoka kama mwaka 1200 hadi karne ya 18. Na hao Sirikwa hawakuyeyuka. Sutton alisema wameingia ndani ya Wakalenjin wa leo. Pengine ukoo wenu.

Huo mchezo wa Azania ulichezwa pia kule Zimbabwe Kuu, na kwa ukali zaidi. David Randall-MacIver alionyesha mwaka 1905 kwamba waliojenga ni Waafrika, Gertrude Caton-Thompson akathibitisha mwaka 1929. Bado serikali ya walowezi wa Rhodesia iliendelea kulea hadithi za Wafoinike na Malkia wa Sheba, hadi miaka ya 1970. Sababu ni rahisi. Ukikubali kwamba babu yake alijenga, utamwambia nini kuhusu ardhi?

Kwa hivyo nikisikia "hawangeweza", hata kutoka kwa kijana mwenzangu anayetafuta watazamaji, nasikia hiyo sauti ya zamani. Yeye anadhani anauza siri tu. Lakini anamnyang'anya mtu kazi ya mikono yake.

Nani alilima hii chai?

Simama barabarani popote kati ya Kericho na Litein uangalie. Kijani kimenyooka hadi mwisho wa macho, mistari imepigwa kama kwa rula. Uliza mtu nani alitengeneza hii, atakupa jina la kampuni au la Mzungu fulani wa miaka ya 1920. Lakini msitu na vichaka havikung'olewa na jina. Kuna watu waliong'oa visiki kwa jembe na shoka, wakachimba mashimo ya miche, wakabeba mawe ya barabara: Wakipsigis waliokuwa wamepoteza hiyo hiyo ardhi, Waluo, Wakisii, Waluhya waliokuja kutafuta pesa ya kodi. Wajukuu wao ndio sisi. Kwa ubao wa geti hakuna hata mmoja wao.

Miaka 5,000 ijayo kuna mtu atarusha droni juu ya hivi vilima, aone hiyo mistari, na aulize kwa sauti nzito: wangewezaje? Kama hatujaandika, atajibiwa na mtu wa sayari.

Kwa hivyo kazi ya wiki hii, na haihitaji digrii. Kama kuna shimo la Sirikwa shambani kwenu, msilijaze na msilichimbe. Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka 2006 inalinda vitu vya aina hiyo, na ukipata kitu unafaa kuripoti. Piga picha, andika mahali lilipo, uliza wazee wanaliitaje. Halafu keti na kogo ama agui, washa rekoda ya simu, na usimuulize "zamani maisha yalikuwaje", hilo swali halina mkono wa kushikia. Muulize: hii barabara, hii shule, hili boma, nani alibeba mawe? Atakupa majina. Yaandike yote.